Turbo Inywe Kwanza

Juzi kijana mmoja wa gereji ya hapa Bisibo alikuja nyumbani kwangu na turbo ndani ya mfuko wa plastiki. Alinikuta napalilia maharage. "Shikamoo mzee." "Marahaba. Umeiua wewe au imekufa yenyewe?" Akacheka, akasema imekufa yenyewe, spea za siku hizi ni feki. Nikaishika shafti kwa vidole viwili nikaitikisa, ikacheza kama jino la mtoto wa darasa la kwanza. Ilikuwa imeungua mpaka imegeuka bluu. Nikamwuliza, siku ulipoifunga uliinywesha? Akanitazama kana kwamba nimemwuliza kama aliibatiza.

Sikumgombeza, maana sina haki hiyo. Mimi mwenyewe niliua turbo mpya kabisa, tena nikamwachia mtu mwingine msiba wake. Kwa hiyo nyie vijana mnaoshika spana, kaeni niwasimulie. Wenye haraka watafute kwenye simu zao. Humo wataelezwa namna ya kufanya, ila hawataelezwa kwa nini mzee mzima bado anaona haya.

Turbo ni kitu kidogo chenye makuu. Moshi unaotoka kwenye injini unazungusha feni moja, feni hiyo imeunganishwa kwa shafti na feni nyingine upande wa pili, nayo inasukuma hewa ndani ya injini ili gari lipande mlima bila kulia. Shafti hiyo inazunguka kwa kasi ambayo jicho haliwezi kuifuata, na wala haikai juu ya gololi kama gurudumu la baiskeli. Inaelea juu ya oili. Oili yenyewe ni utando tu, lakini ikikosekana kwa sekunde chache, chuma kinakula chuma. Sasa turbo mpya inatoka kwenye boksi ikiwa kavu, na mabomba uliyoyasafisha nayo ni makavu. Ukiwasha injini hapo hapo, oili inaanza safari kutoka chini, ipite kwenye pampu, ipite kwenye filta, ndipo ipande juu. Turbo haiisubiri, imeshaanza kukimbia. Mara nyingi haifi siku hiyo, na huo ndio ubaya wake. Inakufa siku ambayo wewe umeshasahau.

Miaka ya wakimbizi ilinikuta Ngara. Nimezaliwa karibu na Rulenge, na ufundi nilijifunza kwenye karakana ya mapadri, nikifungua na kufunga trekta na mashine za kusaga. Nilikuwa na miaka ishirini na sita na nilijiona fundi. Ghafla vilima vyetu vikawa vya bluu kwa shitingi, yale maturubai ya plastiki ya wakimbizi, na magari yakaja kwa wingi ambao hatukuwahi kuuona. Kabla ya hapo gari likipita kijijini watoto walilikimbilia. Mwaka ule hata mbuzi walichoka kugeuka.

Nikapata kazi kwenye gereji ya shirika mojawapo lililohudumia kambi. Fomeni wetu alikuwa Mzee Katabaro, Mhaya wa Bukoba, aliyevaa shati jeupe gereji kila siku na halichafuki. Mpaka leo sijui siri yake. Chini yake tulikuwa mafundi wanne wenyeji, na kibarua mmoja mkimbizi kutoka Burundi, jina lake Venansi, mtu wa makamo, mpole, aliyetengeneza malori Bujumbura kwa miaka mingi. Kihangaza changu na Kirundi chake ni ndugu wa tumbo moja, kwa hiyo tulielewana bila mkalimani. Mbele ya fomeni tuligeukia Kiswahili, na hapo aliniita Firiberi, kwa sababu Filbert lilimshinda. Masanduku ya spana hayakutosha, tukapangiwa sanduku moja mimi na yeye.

Venansi alikuwa anaweka ncha ya bisibisi ndefu kwenye injini inayonguruma, mpini wake anauweka sikioni, anafumba macho. Halafu anasema, "Nozeli ya tatu." Tunafungua, kweli, nozeli ya tatu. Baada ya miezi miwili madereva wakifika getini hawaulizi tena "Filbert yupo?" Wanauliza, "Yule Mrundi yupo?" Mimi mwenyeji, yeye mgeni, na mgeni alinishinda nyumbani kwangu. Nilimwonea wivu, sitalizungusha.

Kuna jambo moja mlijue kuhusu Ngara ya wakati ule, maana ndilo lililoniponza. Betri zilikuwa adimu, na zilizokuwepo zilikuwa zimechoka. Dawa yetu ilikuwa mteremko. Gereji yenyewe iliwekwa kilimani kwa makusudi, na kila gari liliegeshwa pua ikitazama bondeni. Asubuhi unaweka gea ya pili, unakanyaga klachi, unaachia breki, gari linashuka, unaachia klachi, injini inashika. Tuliita kuliachia. Dereva aliyeegesha tambarare tulijua huyo amekuja jana. Tulijivunia ujanja huo, na kwa injini za zamani zisizo na turbo haukuwa na neno.

Gari la kubebea wagonjwa la zahanati ya kambi lilikuwa la dizeli, lenye turbo, na lilikuwa peke yake. Dereva wake, Sadiki, mtu wa Biharamulo mjini, alikuwa dereva mwangalifu mwenye tabia moja mbaya. Alikuwa anafika juu ya kilima injini imechemka na anazima hapo hapo, eti anaokoa dizeli. Turbo ikizimwa ghafla hivyo, oili iliyobaki ndani inaungua na kuwa masizi, na masizi yanaziba njia. Ikafa. Tukaagiza nyingine Dar es Salaam, tukasubiri wiki tatu, wagonjwa wakibebwa kwenye pikapu ya maji.

Turbo mpya ilifika ikaangukia siku ya mgao. Venansi ilibidi aende kambini kupanga foleni yeye mwenyewe na kadi yake, la sivyo familia ingekaa wiki mbili bila unga. Kabla hajaondoka alikwenda stoo, akasaini nusu lita ya oili safi, akaitia kwenye chupa ya bia, akaziba na kitambaa, akaiweka juu ya meza yetu.

"Firiberi, wewe funga nati zote. Lakini usiwashe mpaka nirudi. Hii chupa ni ya turbo. Inywe kwanza."

"Ego," nikamjibu. Ndiyo.

Saa sita nilikuwa nimemaliza kufunga. Sadiki akaja mara ya kwanza, akaja mara ya pili. "Fundi, zahanati wananiulizia. Bado tu?" Ningeweza kumwambia asubiri. Gari lile lilikuwa limesubiri wiki tatu, saa mbili zisingemwua mtu. Lakini betri ilikuwa dhaifu, na nilihofu mambo ya Venansi yangeimaliza kabisa. Na zaidi ya betri, nilitaka wenzangu waone kwamba hata mimi naweza kufunga turbo bila mkimbizi kunisimamia. Nikamwambia Sadiki, "Liachie."

Gari likashuka, likashika kwa kishindo. Turbo ikapiga mluzi mzuri, wenzangu wakapiga makofi, Sadiki akapiga honi mpaka bondeni. Nilivimba kichwa.

Kisha nikageuka nikaiona chupa. Imejaa, iko mezani palepale. Venansi akiikuta hivyo atajua. Kuimwaga sikuweza. Sisi tuliokulia kwenye uhaba hatumwagi oili safi, mkono wenyewe unakataa. Nikaificha chini kabisa ya sanduku letu, ndani ya matambara, nikipanga kuirudisha stoo kimyakimya kesho yake. Kesho ikaja na kazi zake, nikasahau.

Alasiri Venansi akarudi na unga begani. Akauliza neno moja: "Imekunywa?"

"Imekunywa," nikasema.

Siku ya nne gari likafia mlimani. Ndani alikuwamo mama mmoja na mtoto wake mwenye homa kali. Sadiki alisimulia kwamba turbo ilipiga kelele, moshi wa bluu ukajaa barabara nzima, halafu gari likakosa nguvu kabisa. Lori la mahindi likawachukua mama na mtoto. Mtoto alipona. Asingepona, nisingekuwa na ubavu wa kuandika haya.

Mzee Katabaro aliifungua ile turbo mwenyewe, mbele yetu sote. Shafti ilikuwa imeungua. "Imekosa oili," akasema. Akafungua daftari la stoo, akakuta nusu lita, sahihi ya Venansi. Akaja kwenye sanduku letu, akatoa spana moja moja, akatoa matambara, akaitoa chupa. Kitambaa hakijafunguliwa.

"Turbo imekufa kwa kiu," akasema, "na oili yake hii hapa, imefichwa. Venansi, ulikuwa unaipeleka wapi?"

Venansi aliitazama chupa. Halafu akanitazama mimi, na nikaona kwamba ameelewa yote, tangu ile "imekunywa" yangu. Akasema tu, "Oili hii ni ya turbo, fomeni."

"Najua ni ya turbo! Nauliza inafanya nini humu." Akanigeukia. "Filbert, sanduku ni lenu wote. Wewe unajua lolote?"

"Sijui, fomeni."

Hayo ndiyo maneno yangu mawili. Venansi alijifuta mikono, kidole kimoja kimoja, akachukua kofia yake akaondoka. Alifukuzwa siku ile ile. Na habari za mkimbizi mwizi wa oili zilitembea gereji zote za mashirika kabla jua halijazama, kwa hiyo hata kwingine hakuna ambaye angempokea. Nilikwenda nyumbani, sikula.

Mngedhani nilikiri kesho yake. Sikukiri. Nilikuwa na mke mjamzito na kazi ambayo vijana mia walikuwa wanaitolea macho getini. Nilijiambia kwamba yeye anapata mgao, mimi sipati. Mtu akitaka kujidanganya hakosi hesabu.

Turbo nyingine ikaagizwa, ikafika. Mzee Katabaro akanikabidhi mkononi. "Hii ikifa, hakuna nyingine. Jumatatu uifunge." Nikaichukua, na hapo ndipo nilipogundua kwamba sijui. Nilijua inyweshwe, lakini inyweshwe vipi? Ukimimina oili juu, unajuaje imefika? Na bomba refu la kutoka kwenye injini, nani analijaza? Aliyejua alikuwa mmoja, na nilikuwa nimemwangamiza.

Jumapili baada ya misa nilipanda baiskeli mpaka kambini. Nilimkuta Venansi nje ya hema anakata makopo ya mafuta ya mgao, anatengeneza vibatari. Hakusimama kunikimbia wala kunitukana. Alivuta kigogo, nikakaa. Mkewe akaleta uji wa mtama kwenye kikombe cha bati. Kwetu, na kwao pia, mgeni haulizwi lililomleta mpaka anywe. Nilikunywa uji wa mtu niliyemnyang'anya kazi, na watoto wake wawili wanakitazama kikombe. Venansi aliendelea kukata bati, hakuniuliza kitu mpaka nilipotua kikombe.

"Sasa sema," akasema.

Nikasema turbo imefika. Nikasema sijui. Lile jingine halikutoka mdomoni, na yeye hakulidai. Akachukua kopo moja na kijiti, akakichomeka kijiti katikati kiwe shafti, akaanza kunifundisha pale chini mavumbini. Alinifundisha kila kitu, hakubakiza. Akaniambia nirudie. Nikarudia. Akaniambia nirudie tena. Mara ya tatu sikuvumilia.

"Mzee Venansi, kwa nini hukusema ni mimi?"

"Ningesema, wangeniuliza shahidi yuko wapi. Shahidi wangu alikuwa chupa, na chupa ilikuwa imeshanishitaki."

"Na kwa nini unanifundisha?"

Akaelekeza kijiti kwenye mistari ya mahema. "Lile gari halikubebi wewe, Firiberi. Linabeba hawa. Rudia, buhoro buhoro." Polepole.

Nilirudia. Kisha nikapanda baiskeli nikaenda moja kwa moja nyumbani kwa Mzee Katabaro, nikamkuta anakula ndizi na familia yake. Hata shikamoo yangu haikukamilika. Nikamwambia yote hapo mlangoni: mteremko, chupa, matambara, uongo wa kwanza na wa pili. Alinawa mikono taratibu. Nilitegemea anifukuze, na kusema kweli ingeniuma kidogo kuliko alichofanya.

"Kesho utasema hivyo hivyo mbele ya gereji nzima," akasema. "Nilimwita mtu mwizi mbele ya watu. Na mimi nitasema langu palepale. Halafu tutamfuata."

Jumatatu tukasema, mimi kwanza, yeye baadaye. Hakuna aliyecheka. Sadiki alitema mate chini, akawasha pikapu, tukaenda kambini watatu. Mzee Katabaro, na shati lake jeupe, aliinama kuingia kwenye hema la shitingi akaomba radhi. Venansi alisikiliza mpaka mwisho. Akasema, "Nitarudi, fomeni. Ninaomba kitu kimoja. Sanduku langu liwe mbali na la Firiberi."

Mzee Katabaro akasema atapata. Mimi nilitazama chini.

Turbo ile niliifunga kwa mikono yangu, Venansi amesimama pembeni. Sikilizeni sasa, maana hii ndiyo kazi. Kwanza tulimwaga oili chafu yote ya injini, tukaweka mpya na filta mpya. Bomba jembamba linaloleta oili tulilisafisha kwa dizeli na kupuliza mpaka tukaona mwanga upande wa pili, na lile nene la kuirudisha chini vilevile. Tuliingiza mkono kwenye njia ya hewa kutafuta vipande vya feni iliyokufa, maana marehemu wa kwanza huweza kumwua wa pili. Gasketi tuliweka kavu, bila kupaka kitu. Kuna fundi mmoja wa kule Nyamahanga, miaka ya baadaye, alipaka silikoni kwenye bomba la oili ili lisivuje. Kweli halikuvuja, na wala halikupitisha oili.

Kisha nikamimina oili safi kwenye tundu la juu la turbo, kidogo kidogo, huku nazungusha shafti kwa kidole. Ukimimina yote kwa mkupuo inafurika na hewa inabaki ndani. Unamimina, unazungusha, unasubiri, mpaka uione inatoka chini. Hapo shafti inabadilika mkononi, inakuwa nzito kidogo na laini. Nikaunga bomba la juu. La chini nikaliacha wazi kwanza, na kopo chini yake.

Hapo ndipo penye siri ambayo sikuwa naijua. Juu ya pampu ya dizeli kuna swichi ndogo ya umeme inayokata dizeli unapozima gari. Tulichomoa waya wake tukaufunga kitambaa. Betri tuliazima ya lori, nzima. Sadiki akazungusha stata, injini ikageuka bila kuwaka, kwa sababu dizeli haiji. Sekunde kumi, pumzisha stata. Sekunde kumi tena. Taa nyekundu ya oili ikazimika, na mimi chini ya gari nikaona oili inadondoka kwenye kopo, kisha inatiririka. "Inakunywa!" nikapiga kelele. Venansi akachuchumaa, akatazama mwenyewe. Neno langu halikumtosha, na alikuwa na haki.

Tukafunga bomba la chini, tukarudisha waya, tukajaza oili iliyopungua. Gari likawashwa kwa stata, pale tambarare, likaachwa lingurume taratibu dakika tano, hakuna kukanyaga mafuta. Nikamwambia Sadiki, na ukifika, usizime mpaka uhesabu mpaka mia. Akaniambia yeye hahesabu, anasoma sala fupi. Sala ikafanya kazi. Turbo ile ililihudumia gari lile miaka yote iliyobaki.

Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, ndivyo tunavyosema. Wengi wetu Ngara tuliwapa wale wageni jembe siku ya kwanza, tena tukawasimanga hawalimi vizuri. Nalisema kwa sababu nilikuwa mmojawao.

Venansi alifanya kazi na sisi mpaka walipoanza kurejea kwao. Alinifundisha pampu ya dizeli, alinifundisha kusikiliza kwa bisibisi, alinifundisha mambo ambayo yamenilisha na kusomesha watoto wangu watano. Mwanangu wa kwanza alipozaliwa alikuja na mkewe kutupongeza. Lakini sanduku lake lilikuwa na kufuli, na ufunguo aliuvaa shingoni. Nikihitaji spana yake nilikuwa naomba. Alijifuta mikono, alivua ufunguo, alifungua, alinipa, akafunga tena. Hakununa hata mara moja, na mara nyingine alitabasamu. Nami kila nilipoomba nilingoja aniambie, nenda kachukue mwenyewe, Firiberi. Hakuwahi kuniambia.